Arobaini ya Jicho

Zinga, Bagamoyo
Jumapili, 27 Julai 2025

Adila,

Ulisema Jumamosi ya pili utakuja. Jumamosi ya pili imepita, ya tatu imepita jana, na mara zote mbili nimepika wali wa nazi nikala mimi, mwanao na kuku. Una miguu. Basi la Tanga lina magurudumu. Msata haijahama, ipo palepale ulipoiacha. Kama kuna mtu kakufunga kamba huko kwenye jiko la shule, sema nije nikufungue.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ukiona maneno yamekuwa makali unasema "mama, mtandao," halafu kimya. Karatasi haina mtandao. Utaisoma mpaka chini. Anayeandika ni Zuhura, mke wa Ausi, na nimemwambia aandike kama nisemavyo, asinipambe. Anacheka. Andika, mama, usicheke. Ausi ataipeleka Msata Jumanne akienda na nazi zake, atampa kondakta.

Haidar hajambo. Ni wiki ya nne sasa tangu wamtoe mtoto wa jicho, na lile jicho la kushoto halina wekundu tena wala tongotongo. Ile nukta nyeupe katikati ya mboni imekwenda, nimechungulia hadi nimechoka, haipo. Dawa ya matone namtia mara nne kama ulivyoniagiza. Saa sijui kuisoma, lakini adhana naijua: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi. Muadhini hajachelewa hata siku moja, na mimi sijachelewa.

Kibandiko namwekea kila asubuhi akishamaliza uji, kinakaa mpaka adhuhuri. Halii. Watu wa hospitali walikutisha bure, eti atajikwaa, eti atakibandua, eti tumvishe soksi mikononi. Hajikwai popote. Jana sindano ya Zuhura imedondoka mkekani, sisi watu wazima wawili tumepapasa wee, yeye na kibandiko chake usoni akaja akaiokota: "Hii hapa, Bibi, mbona hamwoni?" Leo asubuhi kamkimbiza jogoo mpaka uani kwa jirani akamshika. Amefungwa vilevile.

Tunashinda ndani zaidi. Juani simpeleki mpaka arobaini itimie.

Anakuulizia. Namwambia mama yako yuko Tanga anawapikia ugali watoto mia tatu. Jana kauliza, "Wanamaliza wote?" Nikamwambia usijali, mama yako hapiki chakula cha kubakiza.

Njoo.

Mama yako,
Sikuzani binti Mwinshehe

Dole gumba nimeliweka mwenyewe hapo chini, ujue ni mimi na si Zuhura.


Tanga
31 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Barua nimeipata jana jioni, ilikuwa inanukia nazi. Nisamehe kwa ule wali. Mwenzangu wa jikoni kaenda kujifungua, tumebaki wawili kwa masufuria manne, na matroni hataki kusikia habari ya ruhusa. Sikukwambia kwenye simu kwa sababu ningesema hivyo ungeniambia niache kazi.

Mama, pale pa sindano nimepasoma mara tatu. Halafu nikapasoma pa jogoo.

Nakukumbusha alivyosema daktari. Nilikueleza nikiwa nimekaa kitandani kwako, siku ile niliyomleta kutoka hospitali. Jicho la kushoto lilikuwa kama dirisha lililozibwa tangu hajazaliwa. Wao wamelizibua. Lakini akili ya mtoto haijui kama pale pana dirisha. Miaka minne imezoea kuchungulia kwa la kulia tu. Tukiliacha la kulia lifanye kazi, la kushoto litaachwa moja kwa moja, na akishafika miaka saba au nane, hata wampasue mara ngapi halitaona. Ndiyo maana linafungwa la kulia, lile zuri, ili la kushoto lilazimike. Na ndiyo maana walisema wiki za mwanzo atalia na atajigonga.

Mtoto aliyefungwa jicho zuri haokoti sindano mkekani kwenye wiki ya nne. Hamshiki jogoo.

Mama, umefunga jicho lipi? Nijibu hilo tu, mengine yatangoja.

Mwanao,
Adila


Zinga
5 Agosti 2025

Dada Adila,

Asalaam aleikum. Leo naandika mimi Zuhura, kwa ridhaa yangu. Bi Sikuzani hakunituma. Hakunikataza pia.

Barua yako nilimsomea Jumapili asubuhi. Alikuwa anachambua mchele. Nilipofika kwenye swali lako aliendelea kuchambua. Nikadhani hajasikia, nikalisoma tena. Akaniambia, "Nimesikia, Zuhura. Si kiziwi." Akaumaliza ungo wote. Halafu akamwita Haidar, akamkalisha mapajani, akakibandua kibandiko. Kilikuwa kwenye jicho la kushoto, lile lililopasuliwa.

Dada, mimi kile kibandiko nilikuwa nakiona kila siku na sikuuliza. Nilijua jicho lenye kidonda ndilo la kufunikwa. Na ile sindano ilikuwa yangu.

Alichukua kibandiko kipya kwenye boksi akakiweka kwenye la kulia. Mtoto akasimama akawa hafanyi kitu. Akasema, "Bibi, rudisha." Akaenda hatua tatu akagonga kinu, akaanguka, akaanza kulia. Nikainuka nimshike, Bi Sikuzani akanitazama, nikakaa. Mtoto alilia mpaka adhuhuri. Bibi yake alikaa palepale mkekani, akimwita kila alipokaribia ukuta: "Kushoto. Simama. Rudi kwangu." Adhana ilipoita alikibandua, akamtia dawa, akampakulia chakula. Yeye mwenyewe hakula.

Swali lako limeshajibiwa. Jibu nimeandika mimi, nisamehe.

Zuhura, mke wa Ausi


Zinga
Jumapili, 17 Agosti 2025

Adila,

Marahaba.

La kushoto. Ndilo nililokuwa nalifunga, siku ishirini na nane. Zuhura amekwishanisemea kwako, najua, kaja mwenyewe kuniungamia huku analia. Nimemwambia kalie kwenu.

Usiseme labda hukunieleza vizuri. Ulinieleza vizuri na nilikusikia. Lakini nilisema moyoni, kilichokatwa hupumzishwa. Wewe nilikuzaa nikakaa ndani arobaini, sikushika hata jembe. Kaka zako walipotoka kutahiriwa walilazwa wakatunzwa mpaka wakapona, hakuna aliyewatuma kisimani. Sasa nikajiuliza, jicho la mtoto wa miaka minne, limetiwa kisu juzi, nani mwenye roho ngumu kiasi cha kulituma kazini peke yake na kulipumzisha lile lisilo na kidonda? Nikasema nitalipa arobaini yake, halafu nitafanya hayo ya daktari. Sikukwambia kwa sababu ungebisha. Nimelea saba, nilidhani najua.

Basi kama jicho limelala, nimelilaza mimi. Usimtafute mwingine, wala usilaumu hospitali, wala jikoni kwenu.

Sasa kazi. Leo ni siku ya kumi na tano na kibandiko kipo kwenye la kulia, palipoandikwa. Wiki ya kwanza alinipiga. Ana mkono mzito, kachukua kwa babu yake. Juzi kaniita mchawi. Nimemwambia mchawi kazi yake ni ya usiku, mimi yangu ni ya asubuhi, na sasa hivi kaa chini. Kinu nimekihamisha. Jogoo sasa anatembea mbele yake kwa madaha kama bwana harusi, anajua hashikwi.

Daktari alikwambia mtoto akifungwa apewe kazi ya karibu ya macho na mikono. Vitu vya kuchezea vya dukani sina. Nina mchele. Namwekea ungo mdogo, namwambia toa mawe. Anatoa mchele anaacha mawe. Tumekula mawe wiki mbili. Meno yangu yalikuwa matano, usiniulize sasa.

Kuna jambo moja nakuuliza nami nataka jibu la kweli. Kwa hizo siku nilizopoteza, daktari atasema nini? Jibu hata kama ni baya. Usije ukaniambia "mama, mtandao."

Sikuzani binti Mwinshehe


Tanga
24 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo.

Nilimpigia muuguzi wa kliniki. Kasema hawezi kujua mpaka wampime. Kuna watoto walipoteza mwezi na jicho likaamka. Kuna waliopoteza mwezi likabaki vilevile. Tarehe ya kurudi ni 29 Septemba. Hilo ndilo jibu la kweli, sina lingine.

Nilikukasirikia, Mama. Siku tatu. Nilikuwa nasonga ugali nasema peke yangu mpaka wanafunzi wakawa wananichungulia dirishani. Siku ya nne nikachoka, nikakumbuka yangu.

Ile nukta nyeupe mimi niliiona Haidar akiwa na mwaka na nusu. Tulikuwa bado tunakaa Mapinga na baba yake. Nilikuwa namwogesha, jua likaingia ubavuni, nikaiona imekaa katikati ya mboni kama punje ya uwele. Nikajiambia ni mwanga. Kesho yake nikaiona tena. Sikumwambia baba yake, kwa sababu kwao wangesema imetoka kwetu. Sikukwambia wewe, kwa sababu ungeuliza nani kamtazama mtoto vibaya, tungeanza kutafuta mtu. Nikanyamaza miaka miwili na miezi. Ni mwalimu wa chekechea aliyesema, siku ile ya kumwandikisha, mbele ya wazazi wengine.

Daktari alipoandika karatasi aliniuliza, lini mliona mara ya kwanza? Nikasema, mwezi uliopita. Akaandika hivyo.

Basi zako ni siku ishirini na nane. Hesabu zangu mwenyewe.

Likizo fupi ya mwezi wa tisa jiko halifungwi, wa kidato cha nne wanabaki kujiandaa na mtihani. Nimeomba ruhusa ya siku moja ya tarehe 29. Sijajibiwa.

Mwanao,
Adila


Zinga
Jumapili, 7 Septemba 2025

Adila,

Marahaba.

Hilo nilijua. Idi ile mliyokuja na mtoto wa miaka miwili, kila alipoingia mtu ulikuwa unamgeuzia uso kifuani mwako. Nilimchukua ulipokwenda kuoga, nikamtazama mlangoni penye mwanga. Niliona. Nikamrudisha. Nikangoja uniambie, wewe ukangoja nikuulize, na mtoto akawa anakua katikati yetu. Kwa hiyo zile za kwako usizibebe zote, za tangu ile Idi tugawane.

Imetosha. Hatutaandikiana tena habari hizo. Karatasi zinakwisha.

Ruhusa ukiiomba usiiombe kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Simama wima. Wakikataa, mtoto nitampeleka mimi. Zuhura atafuatana nami kwa sababu ya yale maandishi ya ukutani hospitali. Dar naijua, nimezikia huko.

Miwani yake, ile waliyompimia hospitali, imefika, Ausi aliifuata. Ina mpira wa kufunga kisogoni. Watoto wa njia ya kisimani walipomwona siku ya kwanza wakaanza, "Shikamoo mwalimu mkuu! Shikamoo mwalimu mkuu!" Nikatoka na mwiko. Kabla sijafika nikamsikia anawajibu, "Marahaba, kaeni chini." Wakakaa! Nikarudi ndani na mwiko wangu. Sasa haivui hata akilala, namvua mimi.

Kuhusu kibandiko sikudanganyi tena, nakwambia kila kitu. Kuna siku anatoa mawe manne kwa kumi. Kuna siku hatoi hata moja, anasukuma ungo anasema kichwa kinamuuma, nami namwacha kidogo halafu namrudisha. Jumatano iliyopita alitoa yote. Yote, Adila, ungo mweupe! Nikataka kupiga vigelegele. Mdomo nimeshaufungua. Halafu nikajizuia, kwa sababu niliwahi kufurahi hivyohivyo siku ya sindano. Nikamshika kidevu nikamwinua uso. Kona ya kibandiko, upande wa puani, kaitia mate ikaachia, anachungulia kwa jicho la kulia kama jasusi. Nikamwambia, "Haidar, unamwibia nani?" Akasema, "Namwibia huyu," akaligusa la kushoto. Anajua. Mtoto mwenyewe anajua.

Kibandiko nimekibadilisha. Akatoa mawili.

Sikuzani binti Mwinshehe


Zinga
Jumatano, 1 Oktoba 2025

Adila,

Ujumbe wako kwenye simu ya Ausi tuliusoma, kwamba matroni kakataa. Nilimwombea dua matroni, sikwambii dua gani.

Tulikwenda. Tumekaa kwenye foleni tangu asubuhi mpaka mchana, na mtoto kaamkiwa shikamoo yake ya mwalimu mkuu na kliniki nzima. Daktari ni binti tu, anaitwa Natalia, hana hata mvi moja. Nikamwamkia kwa jina la kazi yake. Akakataa, akaniamkia yeye kwanza. Nikaona huyu kalelewa.

Kabla hajamgusa mtoto nikamwambia, "Daktari, andika. Nimefunga jicho silo, siku ishirini na nane. Mama yake alinieleza sawasawa, nimekosa mimi." Zuhura kanifinya. Nikaendelea. Na za kwako nikamwambia, kwamba ule mwezi uliopita ulikuwa miaka miwili na zaidi. Usinune. Dawa haitiwi kwenye uongo. Akayaandika yote. Hakunigombeza. Nilitaka anigombeze, nilikwenda nimejiandaa.

Akamziba la kulia yeye mwenyewe, kwa kitu kigumu kisichochungulika. Mbali ukutani pana picha, kubwa juu halafu zinapungua kwenda chini. Nyumba, duara, tunda, sanduku. Mwezi wa saba, kwa jicho la kushoto, hata ile nyumba kubwa ya juu hakuiona, imeandikwa kwenye karatasi yake. Natalia akaonyesha kwa fimbo, "Hii nini, Haidar?" Akanyoosha shingo. Mimi nilikuwa nimekaa mikono imebanwa na magoti. Natalia akagonga fimbo tena. Zuhura anasema nilikuwa nasoma aya kwa sauti, mimi sikumbuki.

Akasema, "Nyumba. Haina mlango."

Natalia akashuka mstari. "Na hii?" "Kitunguu." Ni tunda, lakini Natalia akasema kitunguu ni sahihi, umbo kaliona. Mstari wa pili kaumaliza. Wa tatu kakosa viwili. Wa nne hakuna kitu, akasema, "Hapo chini wamefuta." Mistari yote iko minane.

Nikauliza, jicho limelala? Akasema, "Halijalala, Bibi. Limechelewa." Nikauliza, zile siku ishirini na nane zimepotea? Akasema, "Zimepotea." Nikamshukuru. Mwingine angeniambia usijali Bibi, nikaenda nayo nyumbani inanitafuna. Akasema huenda lisifike kuwa sawa na mwenziwe maisha yake yote. Ila litaona, kama tutafunga la kulia kila siku bila kuruka, nusu siku, mpaka amalize mwaka wa saba. Huo ni mwaka huu uishe, na miwili na ushei mbele. Nikamwambia mchele upo. Hakuelewa, Zuhura akamweleza, akaandika hilo nalo.

Njiani Haidar kauliza kama sasa basi, tumemaliza. Nimemwambia hatujamaliza. Akalia kidogo mpaka Mapinga, halafu akalala.

Sasa wewe. Shule ikifungwa Desemba unakuja, na hili ni agizo, halina matroni. Zawadi usilete. Lala Msata kwa binti wa Ausi, ufike hapa asubuhi, kabla ya adhuhuri, kibandiko kikiwa kwenye la kulia. Usipige hodi. Usiniamkie, hata mimi nikikuona nitanyamaza. Usikohoe, na yale mafuta yako ya mawaridi siku hiyo usipake. Pita uani, simama pale penye mlango, jua likupige usoni na si mgongoni, ufunge mdomo. Atakuwa mkekani na ungo wake, hatua sita au saba. Atainua kichwa. Hata akichelewa, hata miguu ikikuuma, usimwite.

Mama yako,
Sikuzani binti Mwinshehe